Kuni za Mzazi

*(Kikaratasi kilichokunjwa juu ya bahasha)*

Abukar, mwanangu,
Barua hii mpe Kanini mkononi, pale kwenye kibanda chake cha chai Makindu. Usimwachie mtu mwingine. Na kama tulivyokubaliana, usimwambie kwamba mama yake amelala kitandani. Ana mimba ya miezi saba, na mwenye mimba hapelekewi habari za ugonjwa. Akikuuliza, sema umetukuta tunakula.
Nyamai

Mutomo,
11 Agosti 2024

Kanini, mama yangu,

Hamjambo huko? Karanja hajambo? Na Waruguru bado anakataa maziwa yasiyo na sukari? Sisi hatujambo, mbuzi hawajambo, ni jua tu linatuchoma kama tuliliibia kitu.

Najua unashangaa kupata barua kwa karatasi na kalamu. Mambo yangu na simu unayajua. Miaka ishirini na miwili ya kupasua mawe iliyachukua masikio yangu, na ukinipigia nasikia kitu kama mbaazi zinakaangwa. Simu ya mama yako nayo ilitumbukia kwenye sufuria ya maji ya moto wiki jana, na fundi wa sokoni anasema tuizike. Kwa hiyo Abukar ndiye posta yetu. Kila wiki lori lake linapita hapa kuchukua mbuzi, linashuka Kibwezi mpaka kwenu, halafu linarudi.

Sasa sikiliza shida yangu, na usinicheke. Unajua desturi ya nyumba hii: binti akikaribia kujifungua, mama yake humwekea kuni za mzazi. Kuni kavu kabisa, zisizo na moshi, za kumchemshia maji ya kumkanda zile siku za kwanza. Ulipomzaa Waruguru mama yako alikuletea mizigo mitatu mpaka Makindu, na Karanja akauliza kama huko mjini hakuna miti. Za safari hii alikuwa ameziweka tangu Machi. Alizipanga nyuma ya ghala akazifunika kwa bati, na mimi nikazichoma.

Usiniulize sana. Nilikuwa nachemsha maji, nikaona kuni, nikatia motoni. Mwanamume atajuaje kuni hizi ni za nini? Siku ya nne nikakuta bati limelala chini peke yake. Mama yako alipojua hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Nyamai, kakate zingine. Na zikauke kabla Oktoba haijaisha."

Nimekata ule mti wa mulaa wa karibu na zizi. Ni mbichi, ukiutia shoka unalia maji. Nilijaribu vipande viwili jikoni, nyumba nzima ikajaa moshi, machozi yakanimwagika mpaka kwenye ndevu. Ni moshi tu.

Wewe unapikia kuni kila siku, na wauzaji wenu wanawaletea mbichi kila siku. Mnafanyaje zikauke upesi? Nieleze polepole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Usije huku. Lami ni nzuri, lakini tumbo ni tumbo. Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako,
Nyamai wa Musyimi

*(Kikaratasi kilichobandikwa kwenye bahasha ya kurudi)*

Kaka Abukar,
Ulipoingia kibandani ulinitazama tumbo, halafu ukatazama birika. Asante kwa kunyamaza. Mtoto alizaliwa tarehe sita mwezi huu, kabla ya wakati wake, na hakulia. Nyumbani hawajui. Alikuwa msichana, ndiye angebeba jina la mama, na mama anamngoja kuliko anavyongoja mvua. Nakuomba kwa Mungu wako na wangu, usimwambie mtu Mutomo. Nitasema mwenyewe nikipata nguvu.
Kanini

Makindu,
13 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Nimesoma barua yako nikacheka mpaka wateja wakadhani nimeshinda bahati nasibu. Kuni za mzazi! Baba, ungechoma hata mlango wa ghala tukakusamehe. Mpe mama pole, na umwambie nimesema akutandike kidogo kwa niaba yangu.

Haya, mwanafunzi, kaa vizuri.

Kosa la watu wengi ni kuacha mti ukiwa magogo, wakingoja jua. Gogo na gome lake halikauki, linazeeka tu. Kwanza kata vipande vifupi, urefu wa mkono wako kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole. Halafu chanja. Usichanje mara mbili ukapumzika ukaita kazi, chanja mpaka kila ukuni uwe mwembamba kama kifundo cha mkono wa Waruguru. Maji hutoka pale ulipopasua, kwa hiyo kadiri unavyopasua ndivyo yanavyopata milango. Gome ambua lote. Gome ni koti la mvua, linazuia maji kutoka kama linavyoyazuia kuingia.

Usizilaze chini. Panga mawe, na wewe mawe huyakosi, juu yake weka miti miwili mirefu, ndipo upange kuni. Safu moja ielekee huku, ya pili ikate juu yake, uache nafasi ya kupitisha vidole. Tafuta mahali penye upepo, baba, usitafute jua peke yake. Agosti na Septemba upepo wa kwetu unaweza kukausha hata kisima. Juu funika kwa lile bati lako la aibu, lakini pembeni acha wazi kabisa. Umande ukiwa mzito, zitupie gunia jioni na uliondoe asubuhi.

Na tafadhali usizipange kwenye uchaga juu ya moto. Jirani yangu hapa alifanya hivyo, zikakauka haraka kweli, zikashika moto, akabaki na kuta nne.

Utajuaje zimeiva? Shika mbili uzigonganishe. Mbichi zinasema du, du, kama mtu anapiga mto. Kavu zinasema ko! Kichwani utaona nyufa kama za kisigino cha mtu wa shamba. Mti wa kawaida unataka nusu mwaka, lakini ukichanja hivyo, kwa wiki sita au saba utakuwa na kuni.

Mimi sijambo. Mtoto anacheza sana, hasa nikikanda chapati. Daktari amenikataza safari mpaka nijifungue, kwa hiyo msinitegemee kabla ya Novemba. Simu ya mama msiharakishe kununua nyingine, barua zinanipendeza.

Ni mimi binti yako,
Kanini

Mutomo,
18 Agosti 2024

Kanini, mama yangu,

Nimechanja siku mbili. Mkono wa kulia umekufa, wa kushoto unamlilia mwenzake. Nilidhani mti ni laini kuliko jiwe, kumbe jiwe lina heshima, ukilipiga linapasuka. Mulaa unashika shoka kama mtu anayedai nauli.

Nilipanga kama ulivyosema, halafu nikatia akili zangu. Nilifunika zote kwa nailoni, juu na pembeni, nikasema hivi joto litazikausha kama mkate. Leo asubuhi nimefunua nikakuta zinatoka jasho, na zingine zimeota ukungu mweupe. Mama yako alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa, na alikuwa hajacheka siku nyingi. Nimeondoa nailoni, nikazifuta moja moja kwa gunia, nikazipanga upya pale juu kwenye mwamba ambako upepo haukosi. Hivi sasa nikiandika nauona ukipita katikati yake.

Nina swali lingine. Uji mwepesi wa wimbi unapikwaje usifanye madonge? Ule mwepesi sana, wa mtu asiyetaka kutafuna. Na mahindi ya muthokoi yakichemshwa mpaka yakawa laini kabisa yanachukua saa ngapi? Nauliza tu, mtu hufa akijifunza.

Mama yako anataka kukuambia neno. Mimi naandika, yeye anasema:

*"Kanini, ni mimi. Nilimuuliza Abukar unatembeaje, akanijibu kwamba bei ya mbuzi imepanda. Mwanangu, kifua kikikujaa na kukuuma, weka majani ya kabichi ya baridi ndani ya nguo. Usibebe maji. Usisimame sana kibandani. Baba yako ananiuliza haya ni ya nini, nimemwambia aandike anyamaze. Kuni zako zitakauka."*

Ni hayo. Mimi na mambo ya kabichi sina la kuongeza.

Ni mimi baba yako,
Nyamai wa Musyimi

Makindu,
22 Agosti 2024

Baba,

Nani anapika?

Nimesoma barua yako mara tatu. Wewe ambaye mama akienda Kitui kulala siku moja ulikuwa unakula mkate na chai ya jirani, leo unaniuliza madonge ya uji. Maji uliyokuwa unachemsha wakati ule ulipochoma kuni yalikuwa ya nani? Na mtu asiyetaka kutafuna ni nani?

Baba, mimi si mtoto. Kama mama anaumwa niambie. Nitakuja hata kwa miguu.

Uji wa wimbi: koroga unga kwa maji ya baridi kwanza, pembeni, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka huku unakoroga. Usiache mwiko hata ukiitwa. Muthokoi loweka usiku kucha, muda wake motoni utapungua kwa saa mbili.

Mwambie mama nimeona ya kabichi. Mwambie nimeshukuru. Sijui kwa nini yamenifanya nilie, labda ni moshi, leo nimeletewa kuni mbichi.

Nijibu upesi.
Kanini

Mutomo,
8 Septemba 2024

Kanini, mama yangu,

Samahani nimechelewa, lori la Abukar liliharibika sahani ya klachi likalala Ikutha wiki nzima.

Umenishika. Sawa, nitasema. Mama yako aliteguka mguu akishuka kisimani. Si kitu kikubwa. Amefungwa bendeji, anakaa, anatoa amri kama chifu. Kwa hiyo napika mimi. Kutafuna hataki kwa sababu jino limemsumbua, unajua meno yake. Mguu na jino, basi. Ukija na tumbo hilo kwa ajili ya mguu na jino, majirani watatucheka na mtoto atazaliwa njiani hapo mto Athi. Kaa ulipo. Huo ndio msaada wako kwetu, kaa ulipo.

Uji hauna madonge tena. Siku ya kwanza mama yako alimaliza kikombe kizima.

Habari njema ni za kuni. Zimekuwa nyepesi, ukizibeba unadhani umesahau nusu. Nyufa zimeanza kichwani. Kila jioni namletea mama yako vipande viwili pale alipo, anavigonganisha karibu na sikio. Kwanza vilikuwa vinasema du. Jana kimoja kilisema ko, akanitazama kama siku ile niliyomletea mbuzi wa kwanza wa mahari. Mimi sikusikia, bila shaka. Nilijua kwa uso wake.

Anavyoviona vimeiva anavitenga. Anasema vya mzazi havichanganywi na vya ugali.

Ni mimi baba yako,
Nyamai wa Musyimi

Makindu,
12 Septemba 2024

Baba,

Nashukuru Mungu kama ni mguu na jino. Nimelala usingizi leo, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Kuna jambo nataka kuwaambia wewe na mama. Nimelianza mara nyingi kwenye karatasi nyingine, hizo karatasi zimewashia jiko. Si baya sana. Yaani ni baya lakini limepita. Nitawaambia nikija Novemba, ana kwa ana, ndiyo afadhali. Karanja anasema niandike sasa, lakini yeye ni mwanamume, anadhani neno likitoka limekwisha.

Mwambie mama asichoke na hizo kuni. Mwambie kidogo zinatosha. Baba, hata zisipokauka si neno.

Ni mimi,
Kanini

*(Barua hii iliandikwa nakala mbili)*

Makindu,
26 Septemba 2024

Dada Kanini, na Mzee Nyamai,

Assalamu alaikum. Barua hii ni moja, ila nimeitoa mara mbili, kila mtu apate yake. Anayeandika ni binti yangu Hibaq, mimi nasema. Mkono wangu umezoea kuandika mbuzi mgongoni kwa rangi, si karatasi.

Nyinyi wawili mlinishika mkono mkaniomba nisiseme. Sikusema. Nimekaa kwa Mzee nikanywa chai, nikakaa kwa dada nikanywa chai, na mdomo wangu sikuufungua. Lakini hakuna aliyeniomba nisiandike. Mungu ananiona, nimetafuta mlango mwingine nikaukosa.

Kanini, mama yako hakuteguka mguu. Tangu Juni ana uvimbe tumboni, na madaktari waliwaambia wamrudishe nyumbani ale anachotaka. Hatembei. Baba yako anamuogesha, anampikia, anamgeuza kitandani. Simu haikuingia kwenye sufuria, iko kabatini imezimwa. Jana mama yako alinishika mkono na mkono wake haukuwa na uzito wowote. Aliniuliza tena, Kanini anatembeaje, nikamwambia tena habari za bei ya mbuzi, na safari hii alifumba macho.

Mzee, mtoto wa Kanini hayuko. Alizaliwa Agosti akiwa ameshakwenda. Binti yako hakukatazwa safari na daktari yeyote. Anaogopa kuonekana na mama yake bila tumbo.

Wewe Mzee umemfungia mtoto barabara kwa sababu ya mimba ambayo haipo. Wewe dada unajificha ili usiharibu furaha ya mtu ambaye anaondoka. Nimebeba mbuzi miaka kumi na tano, na bahasha zenu mbili zimenilemea kuliko lori limejaa. Mnasema wenyewe, mficha maradhi kifo humuumbua.

Nisameheni au msinisamehe.

Kanini, lori liko nje ya kibanda chako na halina mbuzi hata mmoja. Nimewaacha mbuzi wa watu wakinipigia kelele. Funga jiko uje.

Abukar

Mutomo,
20 Oktoba 2024

Kanini, mama yangu,

Tangu urudi Makindu nyumba imekuwa kubwa. Nalala upande mmoja wa kitanda kama nimeambiwa nisisogee.

Uliniuliza siku ile, mbele ya watu, kwa nini sikukuita. Sikukujibu, ukadhani sikusikia. Nilisikia. Hata kiziwi angelisikia neno lile. Nilikuwa na jibu tangu Juni, kwamba nakulinda wewe na mtoto, na jibu hilo nililishika kwa mikono miwili. Siku ile ukashuka kwenye lori, tumbo halipo, na mama yako amekata roho adhuhuri, muda wa saa tatu kabla hujafika. Nikatazama mikononi nikakuta sina kitu.

Saa tatu, Kanini. Ningekuandikia ukweli hata mara moja tu, ungekuwa naye wiki sita. Nimekosa. Naandika hivi kwa sababu kwa mdomo nitashindwa. Nimekosa kwako na nimekosa kwake.

Kuna mambo mawili hukuyajua, na nilikuwa sina nguvu ya kukuambia pale kaburini.

La kwanza ni hili. Yeye alijua. Siku moja kabla hajaondoka, Abukar alipokuwa ametoka tu, alinivuta nikasogeza sikio langu zuri. Akasema, "Mtoto wa Kanini alikufa. Nimejua tangu mwezi jana." Nikamwambia hapana, unaota. Akasema, "Mtu akiulizwa msichana anatembeaje akajibu bei ya mbuzi, kuna nini kingine?" Nikamuuliza, kama ulijua, mbona umenitesa na kuni za mzazi? Mbona tusimwite? Akanijibu polepole, kila neno na pumzi yake. Alisema, "Anajificha. Anayejificha haitwi kwa kelele. Nilidhani nitafika Novemba." Halafu akasema, "Na kuni si za mtoto, Nyamai. Kuni ni za aliyezaa. Amezaa. Nani amemkanda?"

Ndiyo maana alikuambia yale ya kabichi ya kukausha maziwa, na mimi mpumbavu nikaandika bila kuelewa.

La pili ni kuni zenyewe. Uliwaona wanawake wa kikundi cha mwethya wakizibeba kutoka kwenye mwamba kwenda kupikia watu wa mazishi. Ulisimama ukazitazama, nikaona umezijua. Sikuwazuia. Ningewaambia nini? Watu walikuwa wengi na tulikuwa hatuna zingine. Zilipika muthokoi na chai siku nne, na Mama Musyoka akasema hajawahi kupikia kuni nzuri namna ile, akaniuliza alizikausha nani. Nikasema mimi. Akadhani ni majonzi yamenichanganya.

Lakini zile alizokuwa anazitenga hazikuguswa. Jana nilipovuta kitanda kufagia nimezikuta chini yake, zimepangwa kwa safu, zimefungwa kwa kipande cha leso yake ya njano. Nilidhani wanawake walizichukua pamoja na rundo. Kumbe kila jioni nikigeuka kuosha kikombe alikuwa anaziingiza chini ya kitanda. Sijui alipata wapi nguvu.

Nimempa Abukar akuletee. Nilimwambia aziweke mbele kwenye kiti, si nyuma na mbuzi.

Ni zako. Fanya unavyotaka.

Ni mimi baba yako,
Nyamai

Makindu,
10 Novemba 2024

Baba,

Abukar alizileta akiwa amezifunika kwa shuka lake, kwa sababu mvua ilimkuta Kibwezi. Alizishusha mwenyewe. Nilimpa chai. Mwambie ukimwona kwamba nilishamsamehe ndani ya lori, siku ile ile, kabla hatujafika Athi.

Na wewe pia, baba. Nilikuuliza kwa nini hukuniita, na hakuna aliyeniuliza kwa nini sikuja. Agosti nilikuwa mzima wa miguu. Nilikuwa na nauli. Niliona aibu, kama mtu aliyetumwa kitu akakivunja njiani. Nilidhani mama akiona mikono mitupu atakufa kwa huzuni. Kosa tumegawana, usilibebe peke yako, mgongo wako umeshapasua mawe ya kutosha.

Mtoto nilimpa jina. Sikukuambia. Karanja alimchimbia nyuma ya nyumba, penye mwarobaini, akaniuliza tumwiteje, nikasema hilo hilo la mama, Kalondu, nitapata wapi lingine. Kwa hiyo wako wawili sasa.

Kuni nilikaa nazo wiki mbili kando ya kitanda. Nilikuwa nazigonganisha, nasikia ko, nazirudisha. Nilisema nitaziweka milele. Halafu mvua ikashika, kuni zote za Makindu zikalowa, na jana nikaona ukungu mdogo umeanza kwenye ukuni mmoja. Nikajua mama angenitukana. Hakuzikausha ziwe ukumbusho.

Jana jioni nilifunga kibanda mapema. Nikawasha jiko la nyumbani kwa zile kuni, zote, nikaweka sufuria kubwa. Waruguru akaleta kitambaa. Karanja alisimama mlangoni, akaniuliza kama naye anaruhusiwa, kwa sababu kazi hiyo si ya wanaume. Nikamwambia baba yangu ameifanya tangu Juni. Akakunja mikono ya shati akanikanda tumbo na mgongo kwa maji ya moto, vibaya vibaya, anaogopa kuniunguza, miezi mitatu baada ya siku yake. Waruguru akawa ananiuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia hapana, naoshwa.

Leso ya njano sikuichoma. Nimeifunga kichwani.

Baba, umezikausha vizuri. Zilishika kwa kiberiti kimoja, zikawaka mpaka mwisho, na nyumba nzima haikuwa na moshi hata kidogo. Nililia sana, na sikuwa na moshi wa kusingizia.

Ni mimi,
Kanini